Mkwe Nyuma ya Kanga

"Hivi Mama Devota, mbona Baba Calvin akiwepo nyumbani wewe hata kukohoa hukohoi?"

Aliyeuliza ni Zuhura, jirani wa ua kwa ua pale Majengo, mwanamke wa Tunduru mwenye kupenda watu na asiyejua kuzungusha maneno. Alikuwa anaanika nguo kwake. Benigna alikuwa amekaa kwenye kigoda upande wa pili wa mabati, anachambua matembele.

"Kikohozi chenyewe hakinijii," alijibu.

"Hakikujii, au unakimeza?"

Benigna akacheka kidogo, akainamia matembele yake.

Alikuwa anakimeza. Baba Calvin, yaani Aidan, ni mume wa Devota, na Devota ni binti yake wa pekee. Kwa hiyo Aidan ni mkwe. Na kule Mpitimbi alikokulia Benigna, mama na mkwewe wa kiume hawatazamani usoni, hawali chombo kimoja, wala hawasemeshani hivi hivi. Kama kuna neno la lazima, mtoto wa kike hulichukua huku akalipeleka kule. Mama hawezi kuanza kumsemesha mkwe. Akisemeshwa kwa jambo zito anaweza kujibu, lakini kuanza yeye, hapana.

Devota alikuwa akimwambia, "Mama, hayo ya zamani. Hapa mjini wamama wanakula meza moja na wakwe zao, Jumapili wanakuja misani wote kwenye pikipiki moja, na hakuna aliyepasuka."

"Najua, mwanangu," Benigna alikuwa akisema. Na kweli alijua. Lakini kujua ni kitu kingine na miguu kukubali ni kitu kingine. Na Aidan naye alilelewa na bibi yake, kwa malezi yale yale. Akifika mlangoni jioni anakohoa kwanza, ili mama apate nafasi ya kujificha. Asubuhi anauliza kutoka sebuleni, "Devota, mama ameamkaje?" Na Benigna, aliyekuwa hatua chache tu nyuma ya pazia, anamwambia Devota, "Mwambie nimeamka salama." Kila mmoja alimheshimu mwenzake kadiri alivyoweza, na hapo ndipo walipokwama wote wawili.

Maana nyumba yenyewe ilijengwa kwa namna ambayo chumba cha Benigna kilifungukia sebuleni. Njia ya kwenda uani, chooni, jikoni, yote ilipita sebuleni. Mkwe akiwa amekaa anatazama taarifa ya habari, Benigna hatoki. Akibanwa na haja, anajikaza. Akisikia kiu, anangoja. Anakaa juu ya kitanda, rozari mkononi, anasikia kila kijiko kinavyogonga sahani huko nje, na anapiga mahesabu ya mtu mzima ambayo hayafai kuandikwa.

Hakufika pale kwa kupenda. Aliteleza kwenye tope akiwa na kapu la mahindi kichwani, akavunjika mguu juu ya goti. Aidan mwenyewe ndiye aliyekodi gari kumfuata Mpitimbi. Alinunua godoro jipya. Nyama ikipikwa, kipande cha kwanza kilitangulia nyuma ya pazia kabla mwenye nyumba hajanawa. Mguu ukapona. Akaanza kutembea na fimbo, akaweza hata kwenda jumuiya peke yake. Lakini mvua za pili zilimkuta bado yuko pale pale.

Alichokitaka ni kitu kimoja tu, kurudi kwake. Nyumba yake ya matofali ya kuchoma ilikuwa imesimama, na nyuma yake kulikuwa na kaburi la marehemu mumewe, Athanasi, ambalo majani yake hayakuwa yamepaliliwa. Alitaka kuamka asubuhi, atoke nje na kanga moja, apige mwayo mkubwa, akohoe mpaka kuku washtuke.

"Mwambie Baba Calvin nataka kurudi," alimwambia Devota.

"Nitamwambia, mama."

Baada ya siku mbili tatu Devota akaja na jibu. "Amesema tusubiri mvua zikatike." Mvua zikakatika. "Amesema tusubiri mavuno." Mavuno yakapita. "Mama, kwani hapa umekosa nini? Ukianguka tena kule, nani atakuona?"

Kweli Benigna hakuwa amekosa kitu. Angekuwa mkwe mbaya, ingekuwa rahisi. Angemtuma mtu mzima wa Mpitimbi aje aseme. Lakini ukimtuma mtu kwa mkwe mwema, mji mzima utasema bibi anateswa, anapewa ugali wa jana. Hakutaka kumvika Aidan aibu asiyostahili. Basi akakaa.

Sasa kuna jambo moja ambalo watu wa Majengo hawakulijua. Benigna alikuwa anacheza drafti.

Athanasi ndiye aliyemfundisha, miaka ile ya mwanzo ya ndoa. Mvua ikizuia kwenda shamba, walichora ubao kwa mkaa juu ya mkeka wa zamani, yeye akachukua punje za mahindi ya njano, mke nyeupe. Mwanzoni alimfunga kila siku. Baadaye ikawa siku kwa siku. Baadaye zaidi Athanasi akaanza kusema ana kichwa kinauma. Alikuwa mchezaji wa klabu ya Mpitimbi mpaka Mungu alipomchukua, na wenzake, kwa kumheshimu, wakaliweka jina la mjane wake mahali pake. Jumapili baada ya misa alikuwa akicheza nao mchezo mmoja au miwili, kisha anakwenda kupika.

Mwaka huo Kwaresima na Ramadhani ziliingia pamoja, mji mzima ukawa umefunga. Ligi ya drafti ikafika Jumamosi yake ya mwisho, na Mpitimbi walipangwa kucheza na Majengo, hapo hapo kijiweni Majengo, kwenye kibanda cha bati kilichoshikana na duka la fundi seremala. Aliyeongoza Mpitimbi alikuwa Gaspari, rafiki wa marehemu. Mchana ule alikuja mpaka uani, kofia mkononi.

"Shemeji, Otto amelala na homa. Tumebaki wanne. Meza moja ikikaa tupu, tumekwisha kabla hatujakaa."

"Na mkwe wangu si anachezea hawa wa hapa?"

"Anacheza. Lakini wako watano. Ndiyo kura ikupe yeye tu?"

Benigna akafikiri kidogo. Devota alikuwa gengeni kwake sokoni. Aidan alikwishatoka tangu asubuhi. Na wale walikuwa watu wa nyumbani, wenye tope la Mpitimbi kwenye viatu. Akafunga kanga yake, akachukua fimbo. Zuhura akaruka nyuma yake, akisema kwamba mfungo una saa ndefu na huu sasa ni mchezo wa kuzipunguza.

Kura ikampa yeye tu.

Mwamuzi alikuwa Bashiru, mtu wa Namtumbo, aliyeletwa kwa kuwa hakuwa wa huku wala wa kule. Alisoma majina mara mbili. Aidan, aliyekuwa ameegemea nguzo, akageuka akatazama barabarani, akampa kibanda kizima mgongo.

"Mimi sichezi," alisema.

"Umefungwa na jina tu?" mmoja wa wenzake akadakia. "Bado hata kete hujaiona."

"Yule ni mama yangu."

"Ndiyo maana tunakupeleka wewe. Mama hampigi mtoto."

Wakacheka. Mwingine akasema, "Leo Aidan atakula kwa mkwe bila kunawa." Wakacheka zaidi, na Benigna, aliyekuwa amegeuzia uso upande wa mbao za fundi, akatamani ardhi ya pale ilainike kidogo.

Bashiru hakucheka. Midomo ilikuwa imemkauka kwa funga. "Sikilizeni. Asiyekaa, meza yake imepotea. Ukweni mtarudi mkimaliza. Ubao huu haumjui mkwe."

"Haumjui mkwe, lakini wao wanajuana," Zuhura akasema. Akaivua kanga yake ya kichwani akabaki na mtandio, akawapa vijana ncha mbili. "Fungeni hapo juu kwenye mti wa paa. Ishuke mpaka karibu na ubao. Mikono itaonekana, nyuso hazitaonekana. Au kuna sheria ya drafti inayokataza kanga?"

Bashiru akafikiri. "Hakuna."

Basi wakakaa hivyo. Benigna upande mmoja, fimbo magotini. Mbele yake kanga ya maua mekundu, na chini ya upindo wa kanga, ubao na mikono miwili ya mwanamume, yenye makovu ya kazi. Alikuwa hajawahi kuitazama. Ndani ya nyumba moja muda huu wote, hakujua kwamba mkwewe ana kidole kilichopinda.

Meza nyingine zikaanza kwa kelele kama kawaida ya drafti. Kete zilipigwa ubaoni kama mtu anayeua nzi. Kwenye meza yao kete zilisukumwa polepole, kwa ncha ya kidole, kama watu wanaopishana mlangoni.

Haikupita muda Benigna akaona kitu. Aidan hakuwa anataka kumla. Na drafti ina sheria yake: ukiona cha kula, lazima ule, upende usipende. Basi yule bwana alikuwa anatafuta njia ambazo hazina cha kula. Kete zake zilipita kando, zikasimama mbili mbili zimeshikana migongo, ili naye asiliwe. Hakuwa anacheza vibaya, la. Alicheza vizuri sana. Alikuwa anajenga sare.

Meza ya kwanza ikaisha, Mpitimbi wameshinda. Aliyefungwa akainuka, na kama ilivyo desturi ya ligi ile, akamuuliza aliyemfunga mbele ya watu wote, "Nikupe nini?" Huyo akasema, "Chai ya maziwa na maandazi." Meza ya pili Majengo wakashinda. "Nikupe nini?" "Soda, lakini niwekee mpaka magharibi, nimefunga." Watu wakacheka, kwa sababu huyo alikuwa amefunga mara mbili.

Benigna alisikia maneno yale kwa sikio moja tu, hayakumwingia bado. Alikuwa anasikiliza upande wa pili wa kanga, ambako wenzake Aidan walikuwa wamemsogelea.

"Wewe cheza sare tu, Aidan. Sisi sare inatutosha, kombe letu."

"Mwacheni acheze. Huyu hapa ndipo kwake. Tangu mkwe aje hata chai ya jioni anainywa hapa. Kijiwe kinafungwa yeye bado amekaa kama mlinzi."

"Namwachia mama nafasi," Aidan akasema kwa sauti ya chini. "Nikiwa ndani hawezi kupita."

"Si umrudishe kwake?"

"Hataki. Devota nimemuuliza mara nyingi. Mwenyewe amesema kwangu ndiyo nyumbani sasa, asirudishwe Mpitimbi. Nami nimeshukuru, maana ningemwonea huruma."

Kidole cha Benigna kilikuwa juu ya kete. Kikabaki hapo hapo.

Hakuwahi kusema hivyo. Hata siku moja. Akamwona Devota wake akisimama kati ya pazia na sebule, akichukua neno huku, akilifikisha lingine kule. Hakumkasirikia. Alijua mwanawe ameogopa tu. Alimwona baba yake akiugua na kufa ndani ya mwezi mmoja, akamwona mama akiletwa na mguu umening'inia, akasema moyoni huyu simwachi tena. Lakini neno lilikuwa halijafika. Mvua zote zile, mavuno yote yale, Benigna alikuwa anangoja jibu la swali ambalo halikuulizwa. Na yule maskini alikuwa anaganda nje kila jioni, amefungiwa nyumba yake mwenyewe.

Na yeye hawezi kuanza kusema. Hata sasa, mkono wake ukiwa karibu na mkono wa mkwe kiasi hiki, hawezi.

Ndipo lile neno la desturi likamwingia. Nikupe nini?

Akishinda, Aidan atalazimika kumuuliza. Kwa mdomo wake mwenyewe, bila Devota katikati. Na mtu akiulizwa, anajibu. Ikiwa sare, hakuna anayemuuliza mwenzake kitu. Watasimama, watu watapiga makofi kwamba mtu na mkwewe wameheshimiana, naye atarudi nyuma ya pazia na kumeza kikohozi mpaka mvua zingine.

Akafanya ishara ya msalaba kidogo, kidole gumba kifuani, mahali kanga ilipomficha.

Kisha akamlisha. Akaisukuma kete yake mbele ya kete ya mkwe, wazi kabisa, ya kuliwa.

Ule mkono wenye kidole kilichopinda ukaja, ukarudi.

"Kula," akasema Bashiru.

"Nimeona nyingine ya kucheza."

"Ya kucheza ziko nyingi. Ya kula ni hiyo. Kula."

"Mle mkweo, ana mafuta," mtu akasema nyuma, na Gaspari akamwambia anyamaze.

Aidan akala. Aliichukua ile kete kwa vidole viwili, akaiweka pembeni taratibu kama mtu anayerudisha kikombe cha watu. Benigna akala mbili kwa mpigo mmoja. Mbao za fundi zikavuma kwa kelele za Mpitimbi.

Akamlisha tena. Tena Bashiru akasema, "Kula." Safari hii Benigna hakupata kitu papo hapo, na Gaspari akashika kichwa. "Shemeji, shemeji," alinong'ona, "unagawa kama sadaka." Lakini Benigna hakuwa anatazama idadi. Athanasi alikuwa na mchezo wake wa siku za mvua kubwa, ambao aliupenda kuliko wa kufikisha kete mwisho wa ubao na kupata kingi. Alikuwa hakuli. Alikuwa anakuvuta ule wewe, na kila ulichokula kinakusogeza ukingoni, mpaka unajikuta una kete za kutosha na huna mahali pa kuweka hata moja.

Meza ya tatu na ya nne ziliisha, moja kwa huku na moja kwa kule. Watu wote wakaja kuizunguka kanga. Hewa ikawa nzito. Benigna alisikia jasho likimshuka mgongoni, na mguu uliovunjika ukaanza kumuuma kwa kukaa namna moja. Kwa mara nyingine akawa katikati ya watu na hana pa kupita. Na upande wa pili alimsikia Aidan akipumua.

Aidan alikuwa ameshaelewa. Mchezaji kama yeye haelewi mwishoni. Alikuwa anatafuta mlango, na mikono yake ilisema hivyo. Ilikwenda kwenye kete hii, ikasita, ikaenda kwenye ile. Kete zake za kulia zilikuwa zimesimamishwa na za Benigna, mbili mbili, hazirukiki. Ilibaki moja tu upande wa kushoto yenye nafasi ya kutembea. Hiyo ndiyo iliyokuwa sare yake. Kama angeendelea kuichezesha hiyo, huku na Benigna akichezesha yake, wangefika usiku.

Benigna akaisukuma kete yake ya akiba mbele ya ile moja. Hakuwa na akiba nyingine.

"Amekosea," mtu akasema.

Hakuna aliyemtania sasa. Bashiru naye hakusema "kula", alitazama tu ule ubao, kisha akaitazama kanga kana kwamba anaweza kuona nyuma yake.

"Lazima?" Aidan akauliza.

"Lazima, kijana wangu."

Akala. Kete yake ikaruka, ikatua kwenye ukingo, pembeni kabisa. Benigna akasogeza kete moja tu, hatua moja, akaiweka mbele yake, na nyuma ya hiyo kulikuwa na nyingine.

Ilikuwa zamu ya Aidan. Alikuwa na kete nne ubaoni, nzima, hazijaliwa. Hakuna hata moja iliyokuwa na pa kwenda, na katika drafti asiye na pa kwenda amefungwa. Wakaanza wengine kumwonyesha kwa vidole, hii, hapana, ile, hapana, mpaka wakazimaliza zote nne.

"Ametiwa ndani," akasema Gaspari polepole.

Bashiru akangoja, kwa kuwa katika ligi ile anayefungwa lazima aseme mwenyewe.

Kule nyuma ya kanga Aidan alikohoa, kile kikohozi chake cha mlangoni. Kisha akasema, na ilikuwa mara ya kwanza Benigna kusikia sauti ile ikimjia yeye na si mtu mwingine.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Nimefungwa."

Zuhura alikuwa ameshika kiuno, mdomo wazi kidogo. Bashiru akasema kwa upole, "Bado swali."

"Mama," Aidan akasema, "nikupe nini?"

Watu wakangoja kusikia kama ni chai au ni soda. Benigna akaweka mikono yote miwili juu ya fimbo yake. Midomo ilikuwa mizito, kama ya mtu aliyesahau sala katikati. Hakuiondoa kanga. Aliitazama mikono iliyokuwa chini ya upindo, imetulia, inangoja, akasema nayo.

"Baba Calvin, naomba unirudishe nyumbani kwangu Mpitimbi."